Nilivyokaza Nati Siku ya Posa

Kwa nini bomba lilowe upande wa juu, ilhali maji huvuja kwenda chini? Asubuhi ile sikuweza kujibu, lakini niliapa halitanishinda. Wakwe watarajiwa wa dada yangu walikuwa wamefika kwetu Homa Bay kuposa, na bomba la shaba lililopita juu ya jiko lilikuwa likidondosha matone kwenye samaki wao.

“Liache hadi wageni waende,” Mama akasema.

“Mama, tangu lini maji yakaheshimu wageni?”

Nikachukua spana nikakaza nati. Matone yakaendelea. Nikakaza tena, kwa nguvu za mtu mwenye shahada. Bomba likakatika, maji yakamvaa Mama, akapiga mayowe. Mchumba wa dada akakurupuka kutoka sebuleni hadi jikoni kwa mama mkwe, mahali ambapo kwetu mkwe wa kiume hathubutu hata kuchungulia, akamkuta amelowa chepechepe, kitambaa kimemtoka kichwani.

Kisha mjomba wa mchumba akamwita kutoka sebuleni, “Omera, ndugu yangu, tumekuja kuomba msichana au jiko?”

Miezi mingi baadaye ndipo nilipojua kwamba bomba lile halikuwa likivuja kabisa. Ulikuwa mvuke wa sufuria zetu, uliogeuka matone ulipogusa shaba baridi.