Koleo Kwenye Kiti cha Mbele

Theluji ikikaribia Hokkaido, kaskazini mwa Japani, Kikue, mjane muuza samaki wa Monbetsu, hulipandisha koleo la kuchimbia theluji kiti cha mbele cha gari lake na kulifunga mkanda. Shemeji yake Tatsuro, mwenye kila kifaa kwenye buti, hucheka mpaka anakohoa.

"Shemeji, huyo ndiye bwana mpya?"

"Ndiye. Hakoromi, na akiambiwa fanya kazi, anafanya."

Majira haya dhoruba iliwanasa njiani, kila mmoja na gari lake, Tatsuro mbele, Kikue nyuma. Theluji ikaziba bomba la moshi la Tatsuro. Moshi ule ukirudi ndani huua kimyakimya, kwa hiyo akazima injini, akaanza kutetemeka. Koleo lake na mablanketi yalikuwa kwenye buti, nalo buti lilikuwa limeganda, halifunguki hata kwa matusi.

Kioo kikagongwa.

"Shemeji, bwana mpya anauliza kama unahitaji msaada."

Kikue alichimba mpaka bomba likapumua. Injini ikawaka, wakaota joto hadi greda la theluji likafika.

Siku hizi koleo la Tatsuro hukaa mbele, na mkewe nyuma. Mkewe akinuna, Kikue humwambia, "Mke mwenzio huyo. Mzoee tu."