Nitue, Mwana Wanje

Sina sababu ya kukudanganya. Mimi ni mzee, meno yamebaki machache, na pombe sijaionja tangu nizaliwe. Niliyoyaona niliyaona mchana kweupe, jua la saa saba, wala si usiku ukasema ni usingizi. Mkwe wangu yupo hai, anafundisha shule hapa hapa Kigoma, muulize. Atakwambia aliniona nimesimama naongea na ukuta. Hapo ndipo tunapobishana mpaka leo.

Lakini kwanza nikueleze habari za mizigo, maana usipoijua hiyo hutanielewa. Nilikuwa hamali bandarini miaka mingi. Magunia ya chumvi, ya unga, madumu ya mawese, vyote vimepita juu ya kichwa hiki. Sisi mahamali tuna sheria yetu, haikuandikwa popote: mtu mwenye mzigo kichwani akikwambia "nitue," unamtua. Humuulizi jina. Unashika upande wako, anashika wake, mnauteremsha, ndipo mnasalimiana. Na aliyekutua ndiye atakayekutwisha tena ukishapumzika. Hata kama jana mligombana. Mimi nimewahi kumtua mtu aliyenivunja jino. Hili la mbele, tukikutana nitakuonyesha pengo lake.

Halafu kuna ngata, kile kiviringo cha majani ya mgomba unachoweka kichwani chini ya mzigo. Ngata yangu ilikuwa na mkia. Unaacha majani yaning'inie kisogoni ili mzigo usichubue shingo. Bandarini walinicheka sana. "Pisheni, jogoo anapita!" Basi nikawa Jogoo mpaka naacha kazi. Kigoma nzima na Ujiji yake sikuona mtu mwingine mwenye ngata ya mkia. Mimi nilifundishwa na baba, na baba alifundishwa na baba yake.

Na huyo baba yake, babu yangu mimi, ndiye aliyechukuliwa kwenda kumbebea Mjerumani mawe ya boma. Baba wakati huo alikuwa mtoto wa kuchunga mbuzi. Babu hakurudi, na hakuna aliyeleta habari kwamba amekufa. Kwa hiyo baba alikataa kumwekea matanga. Ndugu wakamsihi miaka na miaka, "Tumsomee dua yaishe." Yeye akawajibu, "Amekwenda kubeba. Akituliwa atarudi." Akafa na maneno hayo mdomoni, jambo likabaki kwangu. Mimi nikaliacha. Nilikuwa na watoto, nilikuwa na magunia. Ndivyo tulivyo.

Sasa huyu mkwe wangu mwalimu ni mtu wa Singida, ameletwa huku na kazi, akamwoa binti yangu. Anapenda magofu kama wengine wanavyopenda mpira. Siku moja akaniambia, "Baba, umezaliwa hapa na hujawahi kupanda kwenye lile boma kilimani? Si aibu hii?"

Nikamwambia, "Na wewe umezaliwa Singida. Umeshayamaliza mawe yote ya kwenu?"

Akacheka, lakini Jumamosi alikuja na bajaji mpaka mlangoni kwangu Buzebazeba. Binti yangu akatufungia mihogo na dagaa. Tukaenda mpaka chini ya kilima, dereva akasema atatusubiri hapo, sisi tukapanda. Magoti yangu yalilia, we acha tu. Njiani nilipumzika mara nne.

Juu kule ni kuzuri, siwezi kusema uongo. Kuta nene, mizizi ya mikuyu imezikumbatia, mijusi inaota jua. Ukigeuka, ziwa lote hilo hapo chini, na ng'ambo milima ya Kongo. Mwalimu akawa anapiga picha na simu yake, anapima ukuta kwa hatua. Mimi nikazunguka upande wa nyuma kutafuta pa kukojoa, nisikufiche. Kwenye kona ya huko ukuta umefika juu kabisa, lakini pamebaki nafasi ya jiwe moja, pengo kama hili langu.

Alikuwa amesimama chini ya pengo hilo.

Kijana, sidhani kama amefika miaka thelathini. Kifua wazi, kitambaa kiunoni, na kichwani jiwe la kuchongwa, kubwa kama gunia la nusu. Kalishika kwa mikono miwili. Nikadhani ni mmoja wa wale vibarua wanaotengeneza magofu. Akanitazama akasema, "Nitue, mwana wanje."

Kwa Kiha hiyo ni "mwanangu." Mimi! Mwenye mvi hizi! Hakuna shikamoo, hakuna mzee, ananiita mwanangu kama vile alinibeba mgongoni. Niamini, damu ilinipanda. Nikasema moyoni, vijana wa siku hizi wamekosa adabu mpaka kwenye kuomba msaada. Na mwalimu naye akachungulia kutoka upande wa pili, akaita, "Baba! Twende, dereva anasubiri!"

Basi nikamwambia yule kijana, "Nakuja."

Unaijua nakuja yetu. Mtu anakupa kisogo, anaondoka zake, anakwambia nakuja. Nani humsubiri? Lakini yeye akajibu taratibu, "Haya, mwana wanje. Nasubiri." Akageuka kidogo kulisawazisha jiwe, shingo ikamtetemeka, na nikayaona majani yananing'inia kisogoni kwake. Niliyaona kwa macho, ila akili ilikuwa bado imenuna. Nikaondoka. Tukateremka kwa njia nyingine, mwalimu alisema ni ya mkato.

Tulikuwa tumefika Kasingirima, njiani kurudi nyumbani, bajaji ikaruka shimo, nikajishika kisogo. Mazoea ya zamani hayo, kushika mkia wa ngata usipeperuke. Mkono ukabaki hapo hapo.

"Geuza!" nikamwambia dereva.

"Umesahau nini, Baba?" mwalimu akauliza.

"Mtu."

"Mtu gani? Si tulikuwa wawili?"

"Yule niliyekuwa naongea naye pale konani."

Mwalimu akanishika bega. Halafu akasema kwa upole, "Baba, ulikuwa peke yako. Ulikuwa unautazama ukuta. Nilidhani unaomba dua."

Hata hivyo alinirudisha, Mungu amlipe. Sijui nilikipandaje kile kilima mara ya pili, safari hii sikupumzika. Konani hapakuwa na mtu. Lakini juu ya jiwe la chini, jiwe lililochomwa na jua tangu asubuhi, palikuwa na matone ya maji, mabichi, yamedondokea mahali pamoja. Mwalimu aliyagusa mwenyewe kwa kidole. Akasema labda ni mizizi inavuja. Nami nikamuuliza, mizizi gani inavuja jasho wakati wa kiangazi?

Nikaita, "Babu! Nimekuja!" Nikanyoosha mikono juu, vile unavyompokea mtu mzigo, nikakaa hivyo mpaka jua likaanza kuegemea Kongo. Mwalimu alikaa pembeni, hakucheka hata kidogo. Hakuna aliyekuja.

Tangu siku hiyo, ikifika saa saba mchana shingo yangu inalemewa. Haiumi, inalemewa. Hospitali walipiga picha, wakasema iko safi. Matanga ambayo baba aliyakataa nimeyaweka mimi, hapa nyumbani, watu wamesoma dua, wamekula, wamekwenda. Kesho yake saa saba, uzito ule ule. Nikaelewa. Alichoniomba ni mikono miwili, na mimi nilimpa neno. Nimerudi kule mara tatu. Ya mwisho nilibebwa mgongoni na mwalimu kutoka nusu ya njia, na magoti sasa yamekataa kabisa.

Ndiyo maana nakuandikia wewe mwenye miguu. Ukipanda kwenye lile boma, nenda kona ya nyuma, penye pengo la jiwe moja. Ukimkuta mtu hapo na mzigo, usiangalie umri wake, usingoje akuamkie kwanza. Usithubutu kumwambia nakuja. Mtue.

Na akishapumzika atakuomba umtwishe tena, maana anaijua sheria kuliko mimi. Hapo ivunje. Mwambie ukuta umetosha, Mjerumani ameshaondoka, na mwanawe alikataa matanga yake mpaka mwisho. Kisha mwonyeshe njia ya kushuka. Mimi nitajua siku hiyo, shingo itaniambia.