Hema la Sekunde Mbili kwenye Kiwanja cha Watu Wawili

Nianze na upumbavu wangu mwenyewe, maana majirani wa mtaa wa Hewa Bora wanaujua na sitaki wanitangulie kuusimulia: nilifungua hema ndani ya gari, mke wangu akiwa amekaa kiti cha mbele. Mzungu wa kazini, aliyeniachia hema lile siku aliyokimbia, alikuwa ameniambia, "Ukilirusha tu, sekunde mbili, linajifungua." Nikaona kitu kinachojifungua chenyewe hakihitaji mtu mwenye akili. Nikalegeza kamba kidogo, nione rangi yake. Likafumuka, likajaza viti vya nyuma, likanivua miwani, likamsukuma mama watoto hadi pua yake ikagusa kioo. Alisema polepole, bila kugeuka, "Papa, toa hii kintu yako ku shingo yangu."

Ulikuwa ule mwaka bei ya shaba ilipoanguka. Kampuni zilizokuja na magari mapya zilifunga milango, na sisi wa stoo tukaambiwa turudishe funguo za kazi na za nyumba siku ileile. Kilichotubakia ni kiwanja kimoja pembeni ya Hewa Bora, kisicho na hata tofali moja. Tena aliyetuuzia alikuwa amemuuzia pia tajiri mmoja mwenye malori. Shefu wa quartier, yaani mkuu wa mtaa, alizisoma karatasi zetu mbili, yangu na ya tajiri, akazirudisha zote.

"Makaratasi yote iko sawasawa," alisema. "Ntakuya siku ya mposho. Ule ntakuta anaikala, njo mwenyewe."

Yaani atakayemkuta akikaa pale ndiye mwenye kiwanja; na mposho kwetu ni Jumamosi. Na kwetu kiwanja kisichotoa moshi ni cha yeyote anayepita.

Basi ikabidi nikalale nje, mimi! Mimi niliyeondoka kwenye harusi ya mdogo wangu, mji wa Kipushi hapo tu, kabla keki haijakatwa, kwa kuwa nilikumbuka mto wangu wa kulalia. Mama watoto alicheka mpaka akakaa juu ya masanduku.

"Weye? Weye mwenye kuvaa soksi hata ya kwenda ku choo?"

Halafu akaacha kucheka. Aliwapeleka watoto kwa dada yake, akanikabidhi mbabula, jiko letu la makaa, sufuria moja na unga wa bukari, ugali wetu. "Bakikufukuza pale," akasema, "usikuye kunitafuta."

Jumatatu nikaenda. Hema lilisimama kwa sekunde mbili, kama lilivyoahidiwa, nami nikamaliza saa mbili nzima nikigombana na ardhi. Pale palikuwa na kichuguu zamani, udongo mgumu kama saruji. Vile vijiti vya kulishikilia vilipinda kama mabua ya mahindi. Mwishowe nililifunga kwenye bampa ya gari. Buti ikawa jiko, mbabula ikakaa nyuma ya tairi, na mimi nikawa mwenye nyumba. Mgongo ulilalamika, mbu walifurahi.

Jumatano likaja lori la matofali la yule tajiri. Dereva alipiga honi. Nilivuta kiti changu cha plastiki hadi katikati ya njia, nikakaa kumenya kiazi kitamu.

"Papa, sogea."

"Nisogee niende wapi? Niko mu salon yangu," nilisema, "mu sebule."

"Salon gani?"

"Hii. Na tairi yako iko nakanyaga kapeti."

Alicheka, akaniita mwenda wazimu, akarudi na matofali yake. Kiazi kile nilikimenya kwa woga mpaka kikabaki ukubwa wa kidole. Lakini sikusogea. Kazi ilikwenda, nyumba ilikwenda, na sikuona kwa nini na mimi niendelee kwenda.

Jumamosi, mvua ya alfajiri ilifagia majivu yote ya mbabula na kuliosha hema hadi likang'aa kama la dukani. Shefu alifika pamoja na tajiri, na tajiri hakupoteza muda.

"Shefu, hii ni kintu ya kuchezea. Inafunguka sekunde mbili. Huyu amekuya leo asubuhi tu."

Shefu alizunguka gari. Aligusa kitambaa, akatafuta majivu, hakuyaona. Akanitazama kwa huruma, na huruma ile ikanitisha kuliko lori.

"Mimi sitoki hapa," nilisema. "Mumutafute mwengine wa kutoka."

"Maneno haitoshi, papa. Nani alikuona?"

Ng'ambo ya njia kulikuwa na mama muuza makala, yaani makaa, ambaye wiki nzima nilimsalimia naye akajibu kwa kugeuza mgongo. Shefu alimwita. "Mama, huyu muntu anaikala hapa?"

Alitua karai lake la makala, akanitazama kuanzia viatu mpaka miwani, bila upendo wowote.

"Anaikala! Siku tano anakoroma sawa mulen ya kusaga mahindi, batoto bangu habalale. Mumupatie parcelle yake, hii kiwanja, ajenge nyumba ya matofali ya nene, atuachie masikio yetu!"