Siku Niliyoondoka Harusini na Mtoto wa Watu

Kuna watu hapa Kashojwa, kambini Nakivale, ambao mpaka leo wakiniona napita na mtoto mgongoni wananiuliza, "Uyu ni wako kweli, ao umemutoa ku harusi?" nami nacheka pamoja nao, lakini jamani, masikio yangu yanawaka moto. Basi nimeona afadhali niisimulie aibu hii mwenyewe kuliko kuwaachia wanaoiongezea chumvi kila mwaka (kuna mmoja anasema nilicheza muziki na bwana harusi; huo ni uongo mtupu, tulisalimiana tu).

Ilikuwa wiki ile kati ya Noeli na Bonane, yaani Mwaka Mpya. Shangazi Mapendo alitoka Oruchinga na binti yake Neema, sisi tukatoka Nakivale, yaani mama, mimi na watoto watano wa kaka yangu, na wote tukakutana Mbarara kwa Mama Mkubwa, dada yake mama, anayepanga nyumba huko na kuuza samaki wakavu. Watoto wale walikuwa hawajui kitu cha Mbarara isipokuwa hospitali, na mimi niliapa kwamba mwaka ule wataona mengine. Nikapanga matembezi ya siri: kwanza aiskrimu, halafu bustani ya hoteli moja yenye bembea na kitelezi, ambapo ukinunua soda watoto wanaachwa wacheze. Sikumwambia mtu yeyote, hata mama, maana siri ikishajulikana na watu wazima saa hiyo hiyo watoto wanaijua.

Hapa lazima niseme mimi ni mtu wa namna gani. Mimi siwezi kulala nikijua sufuria moja imefunikwa na mfuniko wa nyingine. Kushona nilijifundisha peke yangu, kwa kufumua nguo za mitumba na kuzishona tena mpaka nikaelewa mkono wa shati unaingia namna gani, na kwa sababu hakuna mwalimu aliyenifundisha, kila siku naogopa kwamba mtu mmoja atageuza nguo yangu aone ndani na aseme, "Aa, kumbe." Basi kwa safari ile nilinunua kitenge cha manjano chenye ndege wa bluu, nikawashonea watoto wote sita sare. Kwa watu nilisema ni ili wasipotee mjini. Ukweli ni kwamba nilitaka Mbarara nzima ione mshono wangu.

Neema alikuwa na miaka minne, na Shangazi Mapendo hana mwingine. Alimpata baada ya ndoa ya miaka mingi na maombi ya kanisa zima, na hata kwenye bomba la maji hakuwa anamwachia aende na watu. Siku ile alikataa, akakataa tena, mpaka mtoto akalia, ndipo akaniita pembeni.

"Munaenda fasi gani?"

"Ni siri, shangazi."

"Siri gani ya kuficha mama ya mutoto? Sawa. Lakini weye, mukono yake usiachilie. Unasikia?"

"Shangazi, na sare hii atapotea namna gani?" Ndivyo nilivyomjibu, tena kwa maringo.

Aiskrimu ilikwenda vizuri (isipokuwa Baraka, mkubwa wao, mwenye miaka kumi na moja, aliing'ata kama hindi la kuchoma akapiga kelele kwamba meno yake yamekufa). Tukafika kwenye bustani. Langoni kulikuwa na maua na mapulizo na muziki mkubwa, nikafikiri ni mapambo ya sikukuu, na kabla sijauliza kitu, mama mmoja mnene aliyevaa gomesi ya kung'aa, lile gauni refu la Kiganda lenye mabega yaliyosimama, akatuona, akapiga makofi.

"Banange! Watoto ya Bwizibwera! Nyinyi nachelewa sana! Kuja, kuja ndani!"

Nikatazama nyuma yake. Hema zima lilikuwa limejaa kitenge changu. Manjano, ndege wa bluu. Mashati ya wanaume, magauni ya wanawake, watoto kama thelathini. Ilikuwa harusi, na hiyo ndiyo sare ya upande wa bibi harusi, watu waliotoka mji wa Bwizibwera.

Sasa, mtu mwenye akili angesema, "Hapana, mama, sisi si wa kwenu," na mkasa wote ungeishia langoni. Lakini mimi ndiye yule ambaye mchungaji alinikosea jina nikaitika jina hilo mwaka mzima. Mdomo ulikuwa bado unatafuta namna nzuri ya kukataa, na Baraka alikuwa tayari ameshika soda. Nikajiambia tutakunywa haraka, watabembea kidogo, tutaondoka, nani atajua?

Soda zikaleta wali, wali ukaleta nyama, na nyama ikaleta keki. Watoto wakakimbilia bembea wakachanganyika na wale wengine, ukawa mlima mmoja wa manjano. Mpiga picha akaita watu wote wa sare mbele, mkono ukanivuta, nikajikuta nimesimama karibu na baba wa bwana harusi nikitabasamu kama mtu anayeng'olewa jino. Nilipofikiri yamekwisha, mshereheshaji akatangaza kwamba watoto wa Bwizibwera watamwimbia bibi harusi, na yule mama wa gomesi akanisukuma mbele, akanitia kipaza sauti mkononi.

Watu wote wakanigeukia. Nikasema, "Bwana asifiwe."

"Amina!" likaitika hema zima.

Baada ya hapo kichwa changu kilikuwa cheupe kabisa. Nikasikia sauti yangu mwenyewe ikitoka kwenye spika zote nne za bustani: "Naomba kwenda chooni."

Sikungoja kicheko kiishe. Nilirudisha kipaza sauti, nikakimbilia bembea, nikakusanya manjano yangu, sita, nikamshika aliye mdogo mkono kama nilivyoahidi, tukatokea upande wa jikoni. Tulitembea haraka mpaka kwa mama mmoja muuza mananasi, na hapo nikasimama nivute pumzi. Kwa mazoea yangu (mimi sioni nguo bila kuigusa) nikainama ninyooshe pindo la gauni la yule mdogo.

Pindo lilikuwa limenyooka kama limepigwa rula. Uzi ulikuwa rangi moja na kitambaa, na ndani hakuna hata uzi mmoja unaoning'inia. Nikasikia fahari kidogo. Halafu nikaligeuza tena, kwa sababu naijua mikono yangu: mimi katika maisha yangu sijawahi kushona pindo zuri namna ile.

Ndipo nikainua macho kutoka kwenye pindo mpaka kwenye sura. Mtoto ambaye sijawahi kumwona alikuwa ananitazama kwa utulivu, keki mdomoni.

"Tantine," Baraka akasema (kwetu tantine ni shangazi), "uyu haiko Neema."

"Ulijua?"

"Nilijua tangu kule ku jiko."

"Na ulinyamaza juu ya nini?"

"Nilifikiri iyo njo siri yenyewe."

Hapo yule mtoto akaona amefika mbali, akamwaga kilio. Muuza mananasi akaweka kisu chini.

"Nyabo, huyu mtoto ni yako?"

"Hapana," nikasema, na kama kuna jibu baya zaidi duniani mimi silijui.

"Si yako? Na wewe nashika mkono yake, napeleka wapi?"

Watu wa boda wakazima pikipiki. Mmoja akamwuliza mwenzake kama ni mwizi wa watoto, mwingine akasema anafanana. Kiswahili kikaniishia, nikabaki nasema tu, "Harusi, harusi, narudisha harusi." Muuza mananasi akafunga biashara yake. "Sawa. Sisi wote naenda." Basi nikarudi kwenye ile bustani na msafara: mbele mimi na mtoto analia, nyuma watoto watano, na nyuma yao mama wa mananasi na pikipiki zikipiga honi, mpaka mshereheshaji akafikiri ni wageni wa heshima, akatukaribisha kwa wimbo.

Mama wa gomesi alipomwona mtoto akashika kichwa. "Kemi! Wewe si uko kwa basi?" Kumbe alikuwa mjukuu wake, na kumbe watoto wa Bwizibwera walikuwa wamepandishwa basi mara tu nilipokimbia, warudi kwao mapema, na basi limeondoka. Nikamtafuta Neema kwenye bembea, chini ya meza, nyuma ya hema. Hayupo.

Marafiki, sikufikiri tena juu ya aibu. Niliona uso wa Shangazi Mapendo tu. Nikachukua kile kipaza sauti mwenyewe bila kuombwa, nikasema, "Mimi si wa Bwizibwera. Mimi ni wa Nakivale. Kitenge kimefanana, nilipaswa kusema langoni na sikusema. Nimekula chakula chenu. Mtoto wenu huyu hapa. Nisaidieni nipate wetu, mama yake hana mwingine."

Hakuna aliyecheka. Mama wa gomesi akapiga simu kwa msimamizi wa basi, haikupokelewa. Akapiga tena. Mimi nilikuwa nasali bila maneno. Mara ikapokelewa, akaiweka kwa sauti kubwa, na yule bwana akajibu kwa uhakika kwamba watoto wote wako, amewahesabu na hesabu ni sawasawa.

"Hesabu yangu pia ilikuwa sawasawa!" nikapiga kelele. "Muulize kama kuna Neema!"

Tukamsikia akigeuka na kuita ndani ya basi, "Neema ni nani?"

Na kwa mbali kabisa, katikati ya vurugu ya watoto, kasauti kadogo: "Miye!"

Nikakaa chini kwenye majani nikalia kama Kemi.

Basi lilikuwa bado liko mjini likinunua mafuta. Bwana harusi mwenyewe akatoa gari lake likamchukue, na lilipomleta, mama wa gomesi akasema hatuondoki bila yeye kutusindikiza, anataka kuona kwa macho yake kama hawa waliobaki ni wangu kweli (na mimi sikumlaumu). Hivyo tulirudi kwa Mama Mkubwa ndani ya gari la harusi, tumebanana, lina utepe na maua, dereva anapiga honi njia nzima.

Shangazi Mapendo alitoka nje, akaona maua, akapiga vigelegele. "Ee! Kumbe njo siri! Muone, batoto banatembezwa na gari ya bibi harusi!" Majirani wakatoka, wakaanza kupiga makofi. Ningeweza kunyamaza. Nilitamani sana kunyamaza. Lakini nilikuwa nimenyamaza langoni na nimeona kulinifikisha wapi, nikasema yote palepale, majirani wakisikiliza, mpaka ya chooni.

Shangazi alinipita. Alimtoa Neema garini, akamgeuza huku na huku, akamnusa nywele.

"Nani alikulisha?"

"Bibi moja ya mu basi."

"Ulishiba?"

"Nilishiba."

Ndipo akanigeukia. "Weye uko mujinga mingi," akasema, halafu bega lake likaanza kutikisika, nikaogopa analia, kumbe ni kicheko, na mama wa gomesi akacheka naye, wakashikana kama watu waliosoma pamoja.

Tangu siku ile sihesabu watoto. Naita kila mmoja jina, nangoja aitike kwa mdomo wake, nikimtazama usoni, hata kama tuko watatu ndani ya nyumba na mlango umefungwa. Wananicheka, wanasema tantine ameharibika. Na waseme.

Kesho yake asubuhi sikutaka hata kutoka uani. Shangazi Mapendo akaja jikoni na Neema, akatia mkono wa mtoto ndani ya mkono wangu.

"Mukate imeisha," akasema. "Muende duka. Lakini urudi na uyu uyu."

Nilirudi na huyo huyo.