Unga Kwenye Ngazi ya Mnara

Kama unanisikiliza ili jioni ukanicheke kilabuni, nicheke sasa hivi tumalizane. Haya sikusimuliwa na mtu. Yalinikuta mimi mwenyewe, saa nane mchana, jua likiwa kali. Watu husema mizimu hutembea usiku. Wangu haukungoja giza, na laiti ungengoja, labda leo ningejidanganya kwamba niliota.

Kwanza uijue hoteli yenyewe. Miaka ile ya hamsini mzungu mmoja alikuja Mbalibali, akapanda kilima, akatazama mbuga yote iliyolala chini, akasema hapa ndipo. Alikuwa na picha aliyoikata kwenye kalenda, picha ya ngome ya kwao ambamo wafalme waliishi zamani. Akataka hoteli ya namna hiyo, wageni wake wa kuwinda wapate mahali pa kulala kama wafalme. Sisi tulimwita Bwana Mnara. Mimi nilikuwa fundi wake mkuu wa mawe, kazi niliyojifunza jeshini nilipokuwa askari Burma.

Sitadanganya kwa sababu ya uchungu: lilikuwa jengo zuri. Kuta zilikuwa nene kiasi kwamba ukilala dirishani miguu haikutokeza nje. Juu ziliwekwa meno, jiwe na pengo, jiwe na pengo. Kila pembe ilikuwa na mnara mdogo, na katikati mnara mmoja mkubwa wa mviringo, ndani yake ngazi ya mawe inayozunguka hadi juu. Madirisha ya mnara yalikuwa membamba, ya kurushia mishale. Nilimuuliza nyapara wetu mishale hiyo inamsubiri nani, sisi au wageni? Alicheka mpaka akakaa chini.

Nyapara huyo ndiye Ryoba, na bila Ryoba nisingekuwa na la kukusimulia. Tulitahiriwa asubuhi moja, kwa kisu kimoja, damu yetu ikamwagika mahali pamoja. Kwetu mtu wa namna hiyo ni zaidi ya ndugu. Akija kwako hapigi hodi. Ukifa, yeye ndiye anashika jembe kukuzika.

Mji wetu, yaani boma letu la ukoo kule Nyambureti, ulipakana na mji wa kina Ryoba. Niliporudi kutoka vitani nilikuta mama amekufa, ng'ombe wamekwisha kwa ugonjwa, watu wametawanyika. Mji umekuwa mahame. Sasa sikiliza, mahame kwetu hayaguswi. Ukuta wa mawe unaachwa umesimama, makaburi yanabaki ndani, vyombo vya marehemu vinalala palepale. Dada yangu Bhoke alinipa kitu kimoja tu cha mama, lile jiwe dogo la mkononi la kusagia ulezi, ambalo sisi tunaliita mtoto. Jiwe kubwa lilibaki juu ya kaburi. Kabla sijaondoka kutafuta kazi nilimwambia Ryoba, "Wewe uko karibu. Niangalizie mama."

Akanijibu kwa neno tunaloitana wanaume tuliotahiriwa, "Mura, mama yako ni mama yangu."

Nikaondoka nimetulia. Ningekosaje kutulia?

Sasa, Bwana Mnara alikuwa na jambo lake moja la ajabu. Alichukia jiwe jipya. Hoteli haijapata hata paa, yeye anataka ionekane ya miaka mia tatu. Ryoba akamwambia asihangaike, mawe ya kale yapo. Lori likaanza kuleta mawe yenye ukoga, yaliyolainishwa na mvua za miaka mingi. Sisi mafundi tuliambiwa yanatoka Matongo, yameachwa na watu waliohama karibu na mashimo ya dhahabu. Nilimwamini. Mtu uliyemwaga naye damu humuulizi risiti ya mawe.

Kwenye ngazi ya mnara mzungu alitaka vidato vilivyolika katikati, kana kwamba wafalme wake wamevikanyaga miaka yote hiyo. Ndani ya lori siku moja mlikuwa na jiwe la kusagia, pana, lenye shimo katikati. Mzungu alipiga makofi kwa furaha. Nililiweka kwa mikono yangu, kidato cha saba. Nililipima kwa timazi, nikalishika kwa saruji nzuri kutoka Musoma, nikalipangusa kwa kitambaa. Kazi ile nilijivunia.

Najua utauliza, hukulijua jiwe la mama yako? Na wewe unalijua la mama yako? Mwanamume kwetu akishatahiriwa hakai tena jikoni kwa mama kutazama mikono yake. Nilisikia mlio wa jiwe lile kila alfajiri ya utoto wangu na ugali wake nikala, lakini umbo lake sikuwahi kulitazama. Niamini, hilo ndilo linaniuma kuliko mengine.

Hoteli ikafunguliwa. Wiki ya pili mzungu aliniita akiwa mwekundu usoni. Kila siku baada ya chakula cha mchana kuna vumbi kwenye kidato cha saba. "Saruji yako inaoza," akaniambia mbele ya wapishi. Nikaenda nikachota kidogo kwa kidole, nikaonja. Haikuwa saruji. Ulikuwa unga wa ulezi, bado una joto.

Nilimwambia Ryoba nikitarajia acheke. Hakucheka. Alitazama viatu vyake akasema, "Fagia tu. Usimwambie mtu."

Kesho yake niliamua kungoja mwenyewe. Wageni walikuwa wametoka na bunduki zao, watumishi wamelala. Nikaingia mnarani. Kabla sijafika kidato cha tatu nikasikia mlio. Krr, krr, kisha kimya kidogo cha mtu anayekusanya unga, kisha krr tena. Mwili wangu ulitambua kabla ya akili. Nikasikia njaa, njaa ya mtoto mdogo alfajiri.

Ngazi ilipozunguka nikamwona. Mwanamke amepiga magoti kidato cha sita, amenipa mgongo, ameinamia jiwe akisaga. Alikuwa mtu kamili, si moshi wala kivuli. Jua la dirisha lilimpiga begani na jasho likang'aa. Kisha nikaona kisigino cha kushoto. Kilikuwa na kovu refu, la jembe lililomkata mwaka niliozaliwa.

"Shikamoo, mama," nikasema. Sijui kwa nini nilisema Kiswahili. Mama hakujua Kiswahili hata neno moja.

Alijibu kwa lugha yetu bila kugeuka. Aliniita jina la utotoni, ambalo sitalitaja hapa. Akasema, "Watu wananipita na viatu, mwanangu. Nasaga na sipati hata kibaba." Akasaga kidogo. Halafu akasema taratibu, bila hasira, na ingekuwa afadhali angekuwa na hasira: "Ryoba alipokuja na gari alisema amekuja kwa neno lako. Nikasema basi, kama ni mwanangu, wabebe."

"Mama, sikumtuma! Mimi nigeuke nikuuze wewe?"

Akakusanya unga kwa ukingo wa kiganja, kama wanawake wafanyavyo. Nilipopanda kidato kimoja zaidi hapakuwa na mtu. Ulikuwepo unga, na jiwe lilikuwa la moto nilipoligusa. Uso wake hakunionyesha.

Nilimkuta Ryoba stoo. Nikamuuliza neno moja tu: "Ulisema nimekutuma?"

Ungetegemea aniulize nani kaniambia, sivyo? Hakuuliza. Alikaa juu ya mfuko wa saruji, akasema, "Hapakuwa na mtu pale, mura. Niliyaambia makaburi tu, kabla ya kung'oa jiwe la kwanza, ili nisidhurike. Mzungu alisema atakayempatia mawe ya kale ndiye atakuwa nyapara. Wewe hukuwa unarudi kule. Mawe yalikuwa yanakaa tu."

Umeelewa? Hakuiba tu ukuta wa baba na jiwe la mama. Alitumia jina langu kuomba ruhusa, na waliolala makaburini wakampa, kwa sababu walinipenda.

Nilichukua jiwe dogo, yule mtoto, nikalipachika kwenye shimo la kidato cha saba nihakikishe. Lilikaa kama ulimi mdomoni. Nikachukua tindo na nyundo nilitoe jiwe la mama. Nilipiga mpaka viganja vikachubuka. Halikutikisika. Nililijenga vizuri mno, ndugu yangu. Ufa wa kwanza ulipotokea ulikuwa kwenye jiwe lenyewe, si kwenye saruji, na mimi nikaacha. Ningewezaje kumvunja ili nimtoe?

Nikaliacha jiwe dogo juu ya kidato, kama mtu anayerudisha kitu cha mama na kusema mimi siye. Nikafunga mlango wa mnara, ufunguo nikalala nao. Asubuhi nililikuta chini kabisa ya ngazi, limetupwa. Nikalirudisha. Likatupwa tena. Siku ya tatu nililikuta nje ya mlango, na mlango bado umefungwa. Siku hiyohiyo mzungu aliuona ufa, akanifukuza kazi. Nilitembea hadi Nyambureti nikawaeleze wote waliozikwa pale kwa kinywa changu, lakini ng'ombe wa watu walikuwa wakilisha pale, nyasi tupu. Sikujua nisimame wapi, kaburi la mama ni lipi.

Hoteli nayo haikukaa. Wageni waliacha kuja, Bwana Mnara akarudi kwao. Watu wakabeba mabati, milango, hata bawaba. Mawe hakuna aliyethubutu kuyagusa. Na Ryoba? Ungependa nikwambie alipata wazimu au alipigwa na radi. Hapana. Alizeeka na ng'ombe wengi, akafa usingizini, wajukuu wamemzunguka. Mizimu haikuwa na kesi naye. Kule makaburini lilitajwa jina langu.

Kwa hiyo wewe unayenisikiliza, kama una mahame mahali, nenda mwenyewe. Usimwachie rafiki, hata kama mlitahiriwa kwa kisu kimoja. Na kama una neno kwa waliokufa, lipeleke kwa kinywa chako, mapema, kabla mwingine hajatangulia kusema kwa jina lako.

Jiwe dogo bado ninalo. Kila usiku nalilaza karibu na kichwa changu na kufunga mlango kwa komeo. Leo asubuhi nimeliokota tena nje.