Nilivyofundisha Kuhusu TB Nikikohoa

Ofisi yetu ya afya ya umma iliponitoa kwenye rekodi na kunipeleka kitengo cha kuhamasisha jamii, nilifurahi kama mtoto aliyeambiwa shule imefungwa. Miaka mingi nilikuwa nimekaa na mafaili, na faili halijui kucheka. Sasa ningekuwa nje, juani, nikiongea na watu. Na kuongea hakujawahi kunishinda. Mama yangu husema nilianza kabla ya kutembea.

Kabla ya kutoka nje, ilibidi tufunzwe. Mafunzo yalikuwa ya siku tatu, katika ukumbi wa kanisa mjini Thika, na mada ilikuwa kifua kikuu, yaani TB. Mkufunzi wetu alikuwa nesi wa siku nyingi, mama mfupi mwenye sauti ya kuita mtu aliye ng'ambo ya mto. Siku ya kwanza alimwaga unga wa ngano kiganjani, akauleta karibu na mdomo, akakohoa. Unga wote ukatua kwenye suti nyeusi ya bosi wetu, ambaye alikuwa amekuja kufungua mafunzo tu na kwenda zake.

"Mmeona?" akasema mkufunzi. "Mtu wa TB asipofunika mdomo, hivi ndivyo anavyowagawia. Tofauti ni kwamba ya kwake hamuioni."

Bosi alijipangusa, akaketi, akawa mpole hadi chai ya saa nne.

Siku ya tatu tukaigiza. Mimi nikapewa kuwa mgonjwa. Nilishika kifua, nikainama, nikakohoa mpaka machozi yakanitoka. Ukumbi mzima ukashangilia.

"Hiyo sasa ndiyo kikohozi!" mkufunzi akasema, akinipigia makofi. "Nyinyi wengine mnakohoa kama mnaomba ruhusa."

Nilirudi kitini nimevimba kwa sifa. Nilichoficha, hata kwangu mwenyewe, ni kwamba sikuwa nimeigiza. Kikohozi kilikuwa kimeanza wakati wa baridi ya Julai, nami nilikuwa nimekipa majina yote: baridi, vumbi, moshi wa jirani. Chupa tatu za dawa ya kifua zilikuwa zimeisha. Kwenye daftari niliandika dalili zote za TB kwa mwandiko safi kabisa, na sikuona hata moja iliyonihusu.

Wiki iliyofuata tulipelekwa Kiuu, upande wa Ruiru. Dereva aliegesha gari kando ya vibanda, akaniwekea kipaza sauti, watu wakakusanyika. Nikaanza: kikohozi kinachokataa kuisha, joto la mwili jioni, jasho la kulowesha shuka, kukonda bila sababu. Nikawaambia kupimwa ni bure, dawa ni bure, na TB inapona. Kila baada ya sentensi mbili tatu nilikuwa nikigeuka kando, nakohoa kwenye kiwiko kama tulivyofunzwa, kisha naendelea.

Mama mmoja aliyekuwa akikatakata sukuma wiki kwenye kibanda chake akainua mkono ulioshika kisu.

"Daktari, niko na swali."

Mimi si daktari, lakini Kiuu ukishika kipaza sauti na kuvaa koti la ofisi, umeshakuwa daktari.

"Uliza, mama."

"Hiyo kikohozi yako ilianza lini?"

Watu wakacheka. Nami nikacheka, kidogo.

"Ni vumbi tu, mama. Hii vumbi yenu."

"Ai! Vumbi yetu tunaijua. Inatukohoza asubuhi, chai ikipita imeisha. Yako imekataa kutoka tangu uanze kuongea." Akanielekezea kisu kiunoni. "Na si umesema mtu anakonda? Hiyo sketi umeishikilia na pini."

Nikatazama chini. Pini ilikuwa pale, kubwa, inang'aa. Nilikuwa nimeifunga mwenyewe asubuhi ile, na asubuhi nyingine nyingi, nikijiambia kwamba sketi ndiyo imelegea.

"Mama," nikasema, na sauti yangu haikuwa nzuri, "leo mimi ndiye nafundisha."

"Na umefundisha vizuri, ndiyo maana nimejua."

Akaweka kisu chini, akamwomba jirani amwangalilie kibanda, akajifuta mikono kwenye aproni. "Twende. Si umesema dispensari iko hapo mbele na ni bure?"

Umati ukatupisha. Dereva wetu akajifanya anakagua tairi. Nilimfuata yule mama nikiwa na hasira na aibu, naye alinisemesha njia nzima habari za mvua iliyokataa kunyesha. Tulipofika mlangoni akapunguza sauti.

"Dada yangu alikuwa hivyo hivyo. Alisema ni baridi, na sisi tukamwamini."

Akanifungulia mlango. Niliingia, nikatoa makohozi kwenye kikopo, na kesho yake nikaitwa. Ilikuwa TB.

Nilijua kwamba inapona; nilikuwa nimelitangazia soko zima. Lakini niliketi kwenye benchi la dispensari nikapanga mazishi yangu mpaka wimbo wa mwisho. Kisha nikampigia simu mkufunzi. Nikamwambia majibu.

"Ngai, Mungu wangu," akasema. "Na mimi nilikupigia makofi."

Akaanza kucheka, kicheko kikageuka kilio, na kabla sijajua la kumwambia akawa mkali. "Sikiza. Kila mtu aliyekaa kwenye ule ukumbi atapimwa, na naanza na mimi."

Walipimwa wote, bosi pia. Hakuna aliyepatikana nayo, na hapo ndipo nililala usingizi wa kweli.

Kilichobaki ni mama yangu. Tunaishi pamoja Murera, na jioni ile nilitenga kikombe changu, sahani na kijiko, nikavitia kwenye mfuko. Akaniona.

"Hivyo vyombo vinasafiri?"

"Mama, niko na TB. Sitaki kukuambukiza."

Aliketi.

"Huko Thika waliwafunza TB inakaa kwa kijiko?"

"Hapana. Inapitia kwa hewa."

"Basi fungua dirisha, urudishe kikombe."

Naye alipimwa akawa sawa, akapewa dawa za kujikinga. Alizimeza akinung'unika kwamba mgonjwa mmoja, wameza dawa wawili.

Zangu zilikuwa za miezi sita. Zilinigeuza mkojo rangi ya soda ya machungwa, na ingawa nilikuwa nimeonywa, mara ya kwanza nilipiga ukemi. Wiki za mwanzo nilikaa nyumbani mpaka nikaambiwa siwezi kumwambukiza mtu tena. Kisha nikarudi kazini, na safari ya kwanza niliomba iwe Kiuu.

Yule mama alinitazama kutoka kichwa hadi viatu. "Umeanza kurudi," akasema. Aliniambia kwamba tangu siku ile alikuwa amewapeleka watu wawili wa laini yake ya vibanda kupimwa. Mmoja alikuwa ameanza dawa. Yule mwingine alikuwa amepaliwa na pilipili tu.

Nilimsimulia mkufunzi, naye akataka mama huyo aje awafunze wahudumu wa kujitolea. Alikubali, mradi isiwe Jumanne, maana Jumanne ndiyo anachukua mboga. Siku alipokuja hakutumia karatasi. Aliwapanga wahudumu mstari mmoja, akawaambia wafunge midomo na wasikilize nani anakohoa.

Nilipomeza kidonge cha mwisho, mama yangu alichinja jogoo, akaita majirani wawili, akasimama kuomba. Aliwashukuru manesi, akawashukuru waliotengeneza dawa, akawaombea wauza mboga wote wa Kiuu. Alipofika amina, mchuzi ulikuwa umeganda mafuta juu. Ikabidi tuurudishe jikoni.