Mji Mmoja, Askofu Mmoja

Nilitaka sana kuitwa mama askofu, na sioni kwa nini nifiche. Mume wangu alikuwa mchungaji wa kanisa letu la watu wa Kiswahili mjini Durban, kwenye ukumbi wa ghorofani karibu na Warwick Junction, juu ya duka la magodoro. Tulikuwa Wakongo na Warundi: wasusi, mafundi simu, walinzi wa magari, na wauza vitenge kama mimi. Jumapili akina mama wa Kizulu waliouza mizizi na majani chini yetu walizisikia nyimbo zetu na kuitikia kwa lugha yao. Siku nyingine mume wangu alitengeneza simu za watu. Siku ya Bwana alihubiri, na nasema bila haya kwamba hakuna aliyehubiri kama yeye kutoka pwani hadi Pinetown.

Pinetown, pembezoni mwa mji uleule, tulikuwa na tawi. Waumini waliofanya kazi viwandani huko walikuwa wamechoka kushuka mjini kila Jumapili, basi mume wangu akamtuma mume wa mdogo wangu akawaongoze. Hao wawili ni wanyumba, wameoa tumbo moja, na walipendana kuliko ndugu wengi ninaowajua. Shemeji yangu hakusoma chuo cha Biblia. Lakini alikuwa na gari kuukuu la mizigo, na wengi wa wajawazito wetu walifika hospitali ndani ya gari hilo. Mtu akifiwa Pinetown, shemeji alikuwa ameshafika kabla maji ya chai hayajachemka.

Mwaka uliofuata Kombe la Dunia la Afrika Kusini, watu wa Pinetown wakamfanya askofu. Hawakutuuliza. Mashemasi wake watatu walimpigisha magoti, wakamwekea mikono, wakamvika joho la zambarau. Jioni ile mdogo wangu akanipigia simu, akaniita yaya, yaani dada mkubwa, kama kawaida yake.

"Yaya, bon, nikuambie mimi mwenyewe mbele usikie kwa watu. Bwana yangu ni askofu sasa."

"Nani alimfanya?"

"Kanisa."

"Kanisa gani? Hata mimi niko kanisa. Iko mtu aliniuliza kitu?"

Akasema watu wameanza kumwita mama askofu. Mdogo wangu, niliyembeba mgongoni tulipokimbia Uvira! Nikakata simu, nikaosha vyombo vilivyokuwa safi.

Hayo ya jina ningeyameza. Lakini shemeji alianza kutangaza kwamba pasipo askofu hapana ubatizo wala meza ya Bwana, kwa kuwa ndivyo kanisa la kwanza lilivyoamini, na sisi wa Durban hatukuwa na askofu. Waumini wetu waliokwenda kusali na jamaa zao Pinetown wakanyimwa mkate. Nilipuuza maneno, nikaenda mwenyewe. Nikasimama kwenye mstari na wenzangu, nimefunga kitenge changu kizuri. Mdogo wangu ndiye aliyeshika sahani. Alipofika kwangu akatazama chini, akanipita.

Nilirudi nyumbani nikiwa nawaka. Jumatano iliyofuata, baada ya somo la Biblia, mzee mmoja wa kanisa letu akasimama.

"Baba Mchungaji, iko neno tunataka kusema. Watu ya Pinetown wako na askofu. Donc sisi tuko na nini? Hata sisi tukuwekee mikono Jumapili, sharp sharp, tumalize."

Ukumbi ukapiga makofi. Mimi nilipiga kwa nguvu kuliko wote, maana kitambaa cha joho nilikuwa nimeshakichagua.

Mume wangu akacheka. Alisoma chuo cha Biblia kule Bukavu, na alipenda historia ya kanisa jinsi wanaume wengine wanavyopenda mpira. Akavuta kiti, akaketi katikati yetu.

"Kinyozi hajinyoi," alisema.

Akatueleza kwamba zamani zile askofu akifa, watu wa mji walikusanyika na mtu akatajwa mbele yao, nao walisema kama anastahili au hastahili. Lakini mikono ya kumwekea ilitoka nje. Waliitwa maaskofu wa miji ya jirani, wasipungue watatu, na wale walioshindwa kufika sharti nao wakubali. Kwa njia hiyo askofu wa mji mmoja alijulikana na miji yote, na hakuna aliyeweza kujifungia na watu wake na kujipa cheo. Mababa waliokutana Nikea waliliandika jambo hilo liwe sheria.

"Hilo la watatu niliwahi kulifundisha," akasema. "Wenzetu wa Pinetown walilishika. Wakatafuta watatu, wakawapata mlemle ndani."

Watu wakacheka. Mama mmoja wa Kirundi hakucheka. "Na mji ukiwa na maaskofu wawili?"

"Wakiwa wawili, mama, hilo si kanisa tena, ni soko. Mji mmoja, askofu mmoja, meza moja."

"Lakini mwanyumba wako anasema bila askofu hakuna kitu."

"Hakusema uongo. Yuko mzee mmoja, askofu wa Antiokia, aliyepelekwa Roma kutupiwa wanyama wakali. Njiani aliyaandikia makanisa kwamba wasifanye jambo lolote pasipo askofu. Ila alisema hivyo ili wawe kitu kimoja. Mwanyumba amechukua nusu ya neno. Mkiniwekea mikono ninyi Jumapili, na mimi nitakuwa nimechukua nusu hiyohiyo."

Nyumbani nilimsomea yote niliyoyaficha ukumbini. Nilimwambia kwamba watu wanatucheka mjini kote, kwamba upole wake utatumaliza, kwamba yeye ndiye aliyemfundisha shemeji kushika Biblia. Akanisikiliza mpaka nikaishiwa.

"Mama, unataka jina au unamtaka mdogo wako?"

Nikamjibu nataka vyote viwili. Ndiyo ilikuwa kweli yangu, na sijaikana mpaka leo.

Ndipo akaniambia habari ya mkate. Huko Roma, waumini walipokuwa wengi wasiweze kukaa katika nyumba moja, askofu alivunja mkate wa meza yake na kutuma kipande kwa kila kusanyiko la mji. Mzee wa kusanyiko alikitia katika kikombe chake. Kwa hiyo hata walipotawanyika walijua wanakula meza moja.

"Jumapili tutavunja mkate mapema," akasema, "na wewe utapeleka kipande Pinetown."

"Walikuwa wakituma maaskofu. Wewe si askofu."

"Basi tutatuma kama ndugu."

"Na kwa nini mimi?"

"Kwa sababu wewe ndiye uliyenyimwa."

Mkate niliukanda mwenyewe. Kipande nikakifunga kwa kitambaa cheupe, nikakitia ndani ya kopo, nikapanda teksi ya Pinetown kopo likiwa mapajani. Njia nzima nilitunga maneno makali. Nilikuwa na la shemeji, la mashemasi wake, na la mdogo wangu lilikuwa refu kuliko yote.

Kanisa lao lilikuwa katika ghala tupu nyuma ya kiwanda cha rangi. Nilipoingia walikuwa wamemaliza kuimba, na shemeji alisimama mezani na joho lake. Nikapita katikati ya watu hadi mbele. Yale maneno makali yote niliyoyatunga yalikuwepo, lakini nikasema yale tu niliyotumwa.

"Shemeji, mwanyumba wako anakusalimu kwa amani. Ametuma mkate wa meza yetu. Kama sisi ni kanisa moja, utie katika kikombe chako. Kama sivyo, nitarudi nao. Hatutagombana."

Shemasi mmoja akamwinamia. "Askofu, usiguse. Wale hawako na askofu."

Shemeji akapokea kopo, akafungua kitambaa. Mdogo wangu, aliyekuwa pembeni na sahani, aliutazama mkate ule na nikaona ameutambua, kwa sababu kabla ya ugomvi tuliukanda sisi wawili kila Jumamosi, kwa namna ya marehemu mama. Akafunika mdomo kwa mkono.

"Amesema nini tena?" shemeji akauliza.

"Amesema hana la kuongeza."

Nilimwona akitazama watu wake, kisha joho lake, kisha mimi. Alijua kwamba akiutia ule mkate kikombeni, ghala zima litajua kwamba maneno yake juu yetu hayakuwa sawa. Alikuwa mtu mwenye kiburi chake, kama mimi. Akautia. Shemasi akarudi nyuma. Watu walipoanza kupanga mstari, mdogo wangu hakungoja mstari, akaniletea sahani mimi kwanza, naye analia. Nikala, nikamfuta machozi kwa ncha ya kitenge, nikamwambia mkate wao hauna chumvi.

Jumanne shemeji akaja kwetu, amevaa shati tu. Nilikuwa jikoni nasonga ugali.

"Mwanyumba, nimekosa njia," akasema. "Nilivue lile joho?"

"Ulivue," mume wangu akasema. "Halafu tukuvike tena, kwa njia ya sawasawa. Tuwe na askofu mmoja, wa Durban na Pinetown, na awe wewe."

Mwiko ukaniponyoka. Nikatoka jikoni na mikono yenye unga, nikamuuliza mume wangu kama amerogwa.

"Mimi watu hunisikiliza," akanijibu. "Yeye watu humfuata. Askofu ni yule anayewakusanya."

Siku kadhaa chakula nilikuwa namwekea mezani bila kumwambia karibu. Alikula, akasema asante, akaendelea na barua za kuwaalika maaskofu. Wakakubali watatu: mzee wa Kizulu ambaye kanisa lake lilikuwa jirani na ghala la Pinetown, Mkongo mmoja wa Pietermaritzburg, na Mrundi aliyetoka Johannesburg. Sharti lao lilikuwa moja. Hawatamwekea mikono askofu wa nusu ya kanisa. Upande mmoja ukinyamaza, wao watapanda magari yao na kurudi kwao.

Tukakutana sote katika ukumbi wa shule Pinetown, wao kulia, sisi kushoto. Yule mzee wa Kizulu akasimama, akauliza kwa Kizulu na mume wangu akatafsiri: "Kanisa la Durban na Pinetown, mtu huyu anastahili?"

Upande wa kulia ukalipuka. "Anastahili!"

Upande wetu, kimya. Hawakumchukia shemeji. Walikuwa wamegeuza shingo, wananitazama mimi, kwa kuwa walijua mdomo wangu na walijua nilichotaka. Yule mzee alingoja, akauliza mara ya pili. Sauti ya mume wangu ikatafsiri tena, bila kutetemeka.

Nikamwangalia. Alikuwa amesimama na koti lake la kila Jumapili, ameshika chupa ya mafuta ya kumpaka mtu ambaye tangu siku ile angekuwa juu yake. Nilitafuta usoni pake hata chembe ya uchungu. Hapakuwa na kitu, alikuwa anafurahi kabisa. Nimejivunia mahubiri ya mume wangu, na elimu yake, na hata mwendo wake, lakini siku ile fahari ilinijaa kuliko siku zote. Nikasema moyoni, huyu ni wangu, na maaskofu wote watatu hawamfikii.

Nikainuka. "Anastahili!"

Nadhani nilisikika hadi barabarani. Upande wetu wote ukasimama nyuma yangu wakipiga kelele na vigelegele. Wale wazee watatu wakamwekea shemeji mikono, wakamwomba Mungu juu yake kwa lugha tatu.

Mume wangu akawa wa kwanza kwenda mbele kumtii. Akapiga magoti mbele ya askofu wake apate baraka. Shemeji, aliyefundishwa Biblia na mtu huyohuyo, akashindwa kabisa kumwona chini, akapiga magoti naye. Wakabaki hivyo, wanyumba wawili wametazamana sakafuni, kila mmoja akingoja mwenzake ainuke kwanza, wote wanalia.

"Eish," mzee wa Kizulu akasema kwa lugha yake, "sasa hawa nani atawainua?"

Nikamshika mdogo wangu mkono, tukaenda mbele. Mimi nikamwinua wake, yeye akamwinua wangu.